LENZI AU MAHARI? Jamaa wa Tabata na hesabu za lenzi pana isiyo ya kampuni ya kamera yake

Wapiga picha wa mjini wana ugomvi wao ambao wageni waalikwa hawaujui. Ukiwaona wamejipanga mbele ya keki unadhani wanapatana. Thubutu! Mmoja akitoa kamera ya kampuni hii na lenzi ya kampuni ile, mwenzake anamwangalia kama mtu aliyekuja na suti ya kuazima. "Hiyo siyo orijino," anamnong'oneza wa pembeni. Na hilo neno orijino limewatoa watu hela nyingi sana, wengine mpaka wakaingia kwenye mikopo ya kausha damu.

Kabla ya kufika kwa jamaa wa Tabata, wadau wekeni hili sawa. Lenzi ya kampuni nyingine siyo lenzi feki. Sigma ya Japani ipo tangu 1961, na kiwanda chake kiko Aizu, mkoa wa Fukushima. Tamron na Tokina nao ni Wajapani, na wote wana umri mkubwa kuliko baba zenu wengi. Samyang ni ya Korea Kusini, imeanza 1972. Hawa wanatengeneza lenzi kwa jina lao na kuweka kitako kinachoingia kwenye Canon, Nikon au Sony. Kwa hiyo anayeuliza "ni orijino?" anauliza swali lisilo lake. Swali lenye hela ndani yake ni moja tu: bei yake inalipa?

Sasa jamaa. Ana miaka 27, anapiga harusi, sendoff, kitchen party na ubarikio. Kamera yake ni Canon ya sensa ndogo, zile wenyewe wanaita kropu, na lenzi yake ni ile ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi. Ilimlisha miaka mitatu bila kelele. Tatizo lilianza pale kamati za harusi zilipoanza kudai picha moja ya ukumbi mzima: maharusi wanaingia, wazazi wamesimama, mapambo ya dari yanaonekana, moshi, taa, kila kitu. Jamaa akawa anarudi nyuma, anarudi nyuma, mpaka mgongo unagonga spika ya DJ, na bado nusu ya meza kuu iko nje ya picha.

Sababu ni hesabu ndogo tu. Namba ya milimita ikishuka, upana unapanda. Kwenye kropu ya Canon, milimita 18 inaona kama digrii 74 kona kwa kona. Milimita 10 inaona digrii 107. Hiyo tofauti ndiyo meza kuu iliyokuwa inabaki nje.

Basi akaanza kutafuta lenzi pana. Na hela alikuwa nayo. Shida ni kwamba hela yenyewe ilikuwa na jina tayari. Kwenye akaunti kulikuwa na milioni 2 na laki 4, na hiyo ilikuwa ya mahari. Mshenga ameshapeleka barua, ukoo wa binti umeshataja milioni 3, siku imeshapangwa mwezi wa kumi na mbili. Mchumba mwenyewe ni fundi wa kupamba maharusi kule Sinza, na ndiye mtunza daftari la hela zao wote wawili. Yaani jamaa hawezi kutoa hata elfu ishirini bila yeye kujua.

Akamfuata kwa upole. Akamwambia kuna lenzi, ikipatikana kazi zitapanda. Dada hakupiga kelele. Alifunga tu boksi lake la poda, akamwangalia, akasema: "Lenzi ina bei yake na mimi mahari yangu imetajwa. Wewe umeanza kuhesabu ipi?"

Jamaa hakulala usiku huo.

Kesho yake dada akamwambia alete majina ya lenzi na bei, wakae wazipitie moja moja kama wanavyopitia bajeti ya sherehe. Na hapo ndipo mambo mengi ambayo wapiga picha hawayasemi hadharani yalipoanza kujitokeza.

Ya kwanza kwenye karatasi ilikuwa lenzi ya ndoto, Canon 16-35 f/2.8 toleo la tatu, yenye ule mstari mwekundu. Ilipotoka 2016 bei yake Marekani ilikuwa dola 2,199. Dada akauliza swali la kitoto: "Hii kwenye kamera yako itakuwa pana kiasi gani?" Jamaa akapiga hesabu. Kropu ya Canon inazidisha kwa 1.6, kwa hiyo 16 inageuka kama 25.6. Yaani mtu angetoa dola elfu mbili na ushee, halafu aendelee kugonga spika ya DJ. Lenzi ni nzuri mno, imetengenezwa kwa ajili ya sensa kubwa, kwa kamera yake ingekuwa pana nusu nusu. Ikafutwa kwa kalamu nyekundu, rangi moja na mstari wake.

Ya pili ilikuwa Canon vilevile, 10-18 ya f/4.5-5.6, iliyotengenezwa kwa kropu. Ilitoka 2014 kwa dola 299. Nyepesi, plastiki, ina kizuia mtikisiko. Ya tatu ikawa Tokina 11-16 f/2.8, lenzi ambayo watu wa video wa kropu waliipenda sana enzi zake. Ilipokuwa mpya ilikuwa ghali kuliko hiyo Canon, na hata iliyotumika, muuzaji wa Kariakoo alikuwa anaitaja laki tisa.

Hapo dada akashtuka. Si watu husema za kampuni nyingine ndiyo rahisi? Sasa mbona ya jina kubwa ndiyo ya bei ndogo?

Jibu liko kwenye ile namba ya f. Ikiwa ndogo, tundu la lenzi linafunguka zaidi na mwanga unaingia mwingi. Tokina inakaa f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Canon ile inaanzia f/4.5, na ukifika milimita 16 imeshakuwa f/5.6. Kati ya f/2.8 na f/5.6 mwanga unatofautiana mara nne. Kwa mtu wa ukumbini hiyo ni tofauti ya kupiga kwa ISO 1600 au kupandisha mpaka 6400, na kropu ya zamani ikifika 6400 sura ya bibi harusi inakuwa kama imemwagiwa mchanga. Kizuia mtikisiko kinasaidia mkono wako usitetemeke. Hakimzuii bwana harusi kucheza.

Kwa hiyo aliyesema lenzi za kampuni nyingine ni za watu wasio na hela hajaangalia sokoni vizuri. Wakati mwingine hizo kampuni zinatengeneza kitu ambacho mwenye kamera hajakitengeneza kabisa. Canon kwa kropu zake za kioo hakuwahi kutoa lenzi pana ya f/2.8 ya kuvuta. Tokina alitoa. Hapo unalipia mwanga, jina linakuja baadaye.

Lakini dada hakununua maneno. Akasema: "Kodi kwanza. Ukiipenda ikiwa ya kukodi, utaipenda na ikiwa yako." Wakakodi Tokina kwa elfu 35, sendoff ya Jumamosi.

Ilikuwaje? Ukumbi mzima uliingia. Meza kuu, dari, matarumbeta, mpaka mama mmoja aliyekuwa anarekodi kwa simu huku machozi yanamtoka, wote ndani ya picha moja. Fokasi haikumsumbua sana, na hilo lina sababu yake. Lenzi pana kiasi hicho inashika vitu vingi kwa mpigo: ukiiweka f/2.8 kwenye milimita 11 ukafokasi umbali wa kama mita mbili na nusu, kuanzia karibu mita moja na robo hadi ukuta wa mwisho vyote vinaonekana viko sawa. Hili ni jambo kubwa kwa mnunuzi. Kampuni za nje nyingi zinabuni zenyewe namna ya kuongea na kamera ya mwenzao, na fokasi ndipo zinapochelewa au kukosea. Kwenye lenzi ndefu ya kupiga sura kosa dogo linaonekana, jicho linakuwa na ukungu. Kwenye lenzi pana kosa hilohilo linajificha. Kama kuna aina ya lenzi ambayo jina la kampuni lina uzito mdogo, basi ni hii.

Mabaya yake pia yalionekana usiku uleule. Zile taa za LED za jukwaani zikimpiga jamaa usoni, lenzi inatoa madoa na mistari ya mwanga katikati ya picha. Tokina hiyo inajulikana kwa tabia hiyo, pamoja na kaukingo ka zambarau kwenye vitu vyeupe mbele ya mwanga mkali, na gauni la harusi unajua rangi yake. Halafu 11 hadi 16 ni safari fupi mno. Akitaka sura ya bibi harusi ni lazima achomoe lenzi arudishe 18-55, gizani, katikati ya watu wanaotunza, huku MC anasema "haya sasa tunafungua shampeni".

Halafu kuna la shangazi.

Picha ya ukoo watu walikuwa 34. Jamaa akajaza fremu yote, na pembeni kabisa kulia akasimama shangazi wa bibi harusi, mama wa watu kavaa kitenge kipya. Picha zilipotoka, shangazi amevutika upande mmoja kama ameongezewa kilo ishirini, bega limekuwa mlango. Akapiga simu mwenyewe. "Mwanangu, hiyo mashine yako imenifanya nini?" Jamaa akaomba radhi na kuilaumu lenzi, akasema ingekuwa ya Canon isingetokea.

Hapo alimsingizia Tokina wa watu. Kuvutika kwa vitu vya pembeni ni hesabu ya upana wenyewe. Lenzi yoyote inayonyoosha mistari kwa upana huo, iwe ya laki tano au ya milioni sita, itamvuta aliyesimama kwenye ukingo. Dawa yake ni ya bure: vuta lenzi mpaka 16, rudi nyuma kidogo, watu wasifike mwisho wa fremu, na wenye miili yao wawekwe katikati. Kununua lenzi ya bei kubwa ili shangazi asinenepe ni kutupa hela.

Wiki iliyofuata wakakodi ile Canon ya 10-18. Kazi ilikuwa ya mchana, dada mmoja wa Mikocheni ana vyumba vya kupangisha wageni na anataka picha za kuweka mtandaoni. Kamera juu ya stendi, f/8, dirisha liko wazi. Jamaa mwenyewe alikiri: picha kali, mistari ya kuta imenyooka vizuri, na lenzi haina uzito wa kuchosha mtu. Kwa kazi ile Tokina isingempa cha zaidi, maana ukiwa na stendi na mwanga wa kutosha hiyo f/2.8 unaibeba tu kama mwamvuli wa kiangazi. Mtu wa kupiga nyumba, hoteli, majengo na beach mchana, kumwambia aende lenzi ya mwanga mwingi ni kumtafutia madeni.

Washikaji hawakukosa la kusema. Mmoja mwenye Sony ya sensa kubwa akamwambia aachane na hayo mambo ya kizamani. Yeye ana Tamron 17-28 f/2.8, ambayo ilitoka 2019 kwa dola 899, wakati Sony yenyewe ya 16-35 f/2.8 ya daraja la GM ilitoka 2017 kwa dola 2,199. Tofauti dola 1,300. Tamron ina gramu 420, ile ya Sony gramu 680, na ukizunguka na kamera kuanzia saluni saa nne asubuhi mpaka ukumbini saa sita usiku, gramu 260 shingoni zinasikika.

Huyo mshikaji alikuwa anasifia, ila alipobanwa akasema na anachokikosa. Kule juu inaishia 28, kwa hiyo picha ya mtu kiunoni kwenda juu ni lazima abadilishe lenzi, wakati mwenye 16-35 anavuta tu. Pia kamera kubwa ya Sony kama a1, inayopiga picha 30 kwa sekunde, ukiifunga lenzi ya kampuni nyingine inaishia 15. Kwa mtu wa mpira na wanyama mbio hilo linauma. Kwa harusi, hakuna keki inayokatwa kwa kasi hiyo.

Wa Canon mpya za RF wao walikaa muda mrefu mlango umefungwa. Mfumo ule ulianza 2018, lakini Sigma na Tamron walikuja kutangaza lenzi za fokasi ya kujiendesha kwa kibali cha Canon mwaka 2024, tena kwa kamera za sensa ndogo. Kati ya walizotangaza zimo pana mbili za f/2.8, Sigma 10-18 na Tamron 11-20. Kwa hiyo kabla hujakimbilia kamera mpya, uliza kwanza mlango wake uko wazi kwa nani. Mlango ukifungwa, bei anapanga mwenye nyumba.

Turudi mezani kwa dada. Alichukua daftari akaandika hesabu moja tu. Kukodi ni elfu 35. Jamaa ana kazi za usiku kama tatu kwa mwezi. Hiyo ni laki moja na elfu tano. Lenzi yenyewe wakibembeleza inaweza kushuka laki saba na nusu. Gawanya: miezi saba na siku kadhaa. "Kama una uhakika miezi saba ijayo bado unapiga ukumbini usiku, nunua. Kama huna uhakika, kodi. Ila siyo kwa hela ya kwetu nyumbani."

Akaongeza sharti. Picha za ukumbi mzima na za ukoo zitauzwa kama huduma yake, elfu 80 juu ya bei ya kawaida. Elfu 35 inalipa kodi ya lenzi, elfu 45 inaingia kwenye kibubu. Wateja wawili walikataa, wakaondoka na mpiga picha mwingine, na jamaa alinuna siku nzima. Wengine walilipa. Ilipofika kazi ya 17, mwezi wa kumi na moja, kibubu kilikuwa na 765,000. Akaunti ya mahari haijaguswa hata shilingi.

Siku ya kununua walienda wote wawili. Waliimulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma kutafuta ukungu, maana joto na unyevu wa Dar vinakuza kuvu ndani ya kioo, na ikishaota nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, kaa mbali. Walizungusha pete zote kusikia kama kuna mchanga unasaga. Walisukuma na kuvuta ile pete ya kubadilisha fokasi ya mkono na ya kujiendesha, walipiga picha ya ukuta wenye matofali wakalinganisha kona zote nne. Muuzaji akaanza kuchoka. Dada hakuchoka. Laki tisa ikashuka mpaka laki saba na nusu, na chenji ikanunua vifuko vya kufyonza unyevu na boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana.

Mahari ikapelekwa mwezi wa kumi na mbili, milioni 2 na laki 4 kama ilivyokuwa. Laki sita bado wanadaiwa, na mshenga alilieleza hilo bila kuficha. Wazee wakaguna kidogo, wakapokea. Sebule ilikuwa ndogo, watu wamebanana kwenye makochi mpaka mlangoni. Yule mshikaji wa Sony ndiye aliyepewa kamera ya jamaa apige siku hiyo, na kwa Tokina ileile watu wote waliingia. Madoa ya mwanga wa dirishani yapo, ukiyatafuta utayaona. Shangazi wa jamaa naye alikuwepo. Aliwekwa katikati.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wewe ungekuwa jamaa ungegusa hela ya mahari, ungekodi miezi saba, au ungesubiri mpaka upate ya mstari mwekundu? Na wewe dada unayesoma hapo, lenzi ya laki saba na nusu ungeipitisha kwenye daftari lako? Shusheni maoni hapo chini, ila matusi kwa shangazi hapana.